Mahame ya dhahabu ya Kookynie na jirani zake, Australia Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kookynie iko wapi hasa?

Kookynie iko katika jimbo la Australia Magharibi, kwenye nyika kavu iliyo kaskazini mwa mji wa Kalgoorlie. Anayetoka Perth, mji mkuu wa jimbo hilo, husafiri kilomita zipatazo 600 kuelekea mashariki hadi Kalgoorlie, kisha hushika barabara ya kaskazini kwa kilomita 130 hadi Menzies, na kutoka hapo hubakiwa na mwendo wa kilomita zisizofika 100. Halmashauri ya Menzies, ambayo Kookynie ni sehemu yake, ina eneo linalokaribia kilomita za mraba 125,000, yaani inaizidi kidogo nchi nzima ya Malawi, ilhali wakazi wake wote ni watu wapatao 500 tu. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 250 hivi, nayo hunyesha pale inapotaka. Udongo ni mwekundu, miti iliyo mingi ni mulga, ambayo ni jamii ya migunga, na mahali panapoandikwa kwenye ramani kuwa ni ziwa, mara nyingi msafiri hukuta uwanda mweupe wa chumvi.

Maswali yaliyo hapa yanaihusu Kookynie pamoja na miji jirani iliyozaliwa na kufa kwa sababu zilezile: Niagara, Malcolm, Gwalia na Kanowna. Menzies, Leonora na Laverton zimo pia, ingawa hizo bado zina watu.

Dhahabu ilianza kupatikana lini?

Mwaka 1892 Arthur Bayley na William Ford walipata dhahabu Coolgardie, jirani na Kalgoorlie ya leo. Juni 1893 Paddy Hannan na wenzake wawili, Tom Flanagan na Dan Shea, wote wazaliwa wa Ireland, walipata nyingine mahali ambapo leo ni Kalgoorlie. Kuanzia hapo watu walisambaa kaskazini kama siafu. Leslie Robert Menzies alifika mwaka 1894 mahali palipopewa jina lake, Kookynie ikafuata mwaka 1895, na Gwalia mwaka 1896. Kwa hiyo miji yote inayozungumziwa hapa ilizaliwa ndani ya miaka michache tu, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mingi ilizeeka kwa wakati mmoja.

Kwa nini miji ilikuwa mingi na yenye kukaribiana hivyo?

Msomaji aliyewahi kuona mfumuko wa machimbo Geita au Chunya hatalishangaa jambo hili. Dhahabu ya eneo hili imo ndani ya mishipa ya mawe iliyotawanyika, wala si kwenye hazina moja kubwa, kwa hiyo kila ilipotokea habari ya mshipa mpya, mahema yalihamia huko, duka likafuata, baa ikafuata duka, na serikali ikatuma wapima ardhi wa kuchora mitaa. Tofauti kubwa ilikuwa fedha. Katikati ya miaka ya 1890 soko la hisa la London lilijaa kampuni zenye majina ya Australia Magharibi, na baadhi yake hazikuwahi kutoa hata chembe ya dhahabu. Fedha hizo zilijenga hoteli za ghorofa na benki mahali ambapo mchimbaji mdogo peke yake angeishia kwenye hema. Kookynie ilipokuwa juu, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, hoteli kadhaa, na hata bwawa la kuogelea la umma, anasa isiyo ndogo kwa mji uliokuwa jangwani.

Watu hao walikunywa maji gani?

Hili ndilo swali lililo muhimu kuliko lile la dhahabu, ingawa huulizwa mara chache. Wenyeji wa asili wa nyika hii, ambao kwa jumla hujulikana kama Wongatha, waliishi kwa kujua vilipo visima vidogo vya asili vilivyomo ndani ya miamba, vinavyoitwa gnamma, ambavyo hupokea maji ya mvua na kuyahifadhi yasikauke upesi. Kisima cha namna hiyo hutosha familia inayohamahama, lakini hakiwezi kutosha wachimbaji mia na farasi wao, na visima vingi vilikaushwa au kuchafuliwa katika miezi ya kwanza tu ya kufika kwao.

Maji ya ardhini yalikuwepo sehemu nyingi, lakini yalikuwa na chumvi kali. Ikabidi yachemshwe kwenye matangi ya chuma, mvuke ukapitishwa kwenye mabomba hadi upoe na kugeuka maji ya kunywa, na hayo yakauzwa kwa bei iliyomfanya mchimbaji afikiri mara mbili kabla ya kunawa. Uchafu ulileta homa ya matumbo, iliyoua wengi Coolgardie na Menzies, na makaburi ya miji hiyo yamejaa vijana wa kiume. Kuni za kuchemshia maji, zikiongezwa juu ya kuni za migodini, zilimaliza miti kuzunguka kila mji.

Suluhisho la Kalgoorlie lilitoka kwa mhandisi mkuu wa serikali ya jimbo, C. Y. O'Connor, aliyependekeza maji yatolewe kwenye bwawa la Mundaring, karibu na Perth, na kusukumwa kwa mashine za mvuke katika vituo vinane, kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, tena kwa kupandisha mlima. Alishambuliwa sana magazetini na bungeni, akajiua Machi 1902. Bomba likafunguliwa Januari 1903, na mradi huo umeendelea kuwapa watu maji hadi leo. Lakini bomba liliishia Kalgoorlie. Miji ya kaskazini ilibaki ikijitafutia.

Bwawa la Niagara lilijengwa kwa ajili ya nani, ikiwa mji wenyewe ulikuwa mdogo?

Lilijengwa mwaka 1897 na 1898 kwa ajili ya garimoshi. Injini ya mvuke hunywa maji mengi, na reli iliyokuwa ikija kutoka kusini isingeweza kupita hapo bila ya kuwa na uhakika wa maji. Saruji ililetwa kwa misafara ya ngamia kutoka Coolgardie, kuta za zege zikasimamishwa kukata kijito ambacho kwa kawaida huwa kikavu, na mahali pote paliitwa kwa jina la maporomoko mashuhuri ya Amerika Kaskazini. Muda si mrefu baada ya kazi kukamilika, maji ya kutosha yakapatikana chini ya ardhi ya Kookynie, kilomita kama 12 tu kutoka hapo, na lambo lililogharimu fedha nyingi likakosa kazi. Mji wa Niagara umetoweka kabisa. Lambo liko palepale, na baada ya mvua nzuri watu hupiga kambi kando yake na kuogelea.

Reli ilifika vipi, na ilibadilisha nini?

Reli kutoka Perth ilifika mji wa Southern Cross mwaka 1894, Coolgardie na Kalgoorlie mwaka 1896, Menzies mwaka 1898, na Leonora mwaka 1903, ikipitia Kookynie na Malcolm. Kutoka Malcolm tawi jingine likaelekea mashariki hadi Laverton, likafunguliwa mwaka 1905. Reli zote hizo zilikuwa za geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya milimita 1,067, ileile ya TAZARA, kwa sababu ilikuwa nafuu kujenga katika nchi kubwa yenye watu wachache.

Kabla ya reli, kila kitu kilibebwa na ngamia, farasi au baiskeli. Baiskeli si mzaha: barua na habari za haraka zilipelekwa na waendesha baiskeli waliokata nyika kwa kufuata njia zilizokanyagwa na ngamia. Reli iliposhika kazi hiyo, mashine nzito za kusagia mawe zikaweza kufika, mbao na mabati yakashuka bei, na mji uliopata stesheni ukawashinda jirani zake mara moja. Wafanyabiashara waliwafuata wateja, na wateja waliifuata migodi yenye uhai.

Kulikuwa pia na reli za aina nyingine, ambazo binafsi nadhani ndizo zinazovutia zaidi, nazo ni reli za kuni. Kampuni za kukata miti zilitandika mataruma na vyuma juu ya ardhi karibu bila tuta lolote, zikakata miti ya pande zote mbili, kisha zikang'oa reli na kuitandika mbele zaidi, huku kambi za wakataji na familia zao zikihama pamoja nayo. Boila za migodi na nguzo za kuzuia miamba chini ya ardhi zilitegemea kuni hizo kwa zaidi ya miaka 60. Njia hizi hazikukaa mahali pamoja, kwa hiyo hazionekani vizuri kwenye ramani za zamani, lakini anayetembea porini huweza kukuta mstari ulionyooka usio na miti mikubwa, na mataruma yaliyooza nusu.

Nani waliofanya kazi hapa?

Wengi walitoka makoloni ya mashariki mwa Australia na Uingereza, lakini si wote. Ngamia waliongozwa na Waislamu walioitwa kwa jumla Waafghani, ingawa walitoka pia katika maeneo ambayo leo ni Pakistani na India. Hao ndio walioifanya miji hii iwezekane, lakini walikaa pembeni mwa mji. Sheria ya madini ya jimbo iliwanyima haki ya kuchimba dhahabu wageni wa Asia na wa Afrika, ikiyataja mabara hayo mawili kwa majina, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam anayejiuliza kama babu yake angeweza kujaribu bahati huko mwaka 1900, jibu ni hapana.

Gwalia ilikuwa na Waitaliano wengi pamoja na watu kutoka nchi za Balkani, waliofanya kazi chini ya ardhi na kwenye reli za kuni. Nyumba zao za mabati na magunia zilijengwa kwa chochote kilichopatikana, na ndizo zinazopendwa zaidi na wageni wa leo.

Je, ni kweli kwamba rais wa Marekani aliwahi kusimamia mgodi wa Gwalia?

Ni kweli. Herbert Hoover, aliyekuja kuwa rais kuanzia 1929 hadi 1933, alifika Australia Magharibi mwaka 1897 akiwa mhandisi kijana wa kampuni ya London, akashauri mgodi wa Sons of Gwalia ununuliwe, na mwaka 1898 akawa meneja wake. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alipunguza gharama bila huruma na kuajiri Waitaliano kwa sababu waliweza kulipwa kidogo, kisha akaondoka kwenda China kabla ya mwaka kwisha. Nyumba ya meneja iliyobuniwa wakati wake bado ipo juu ya kilima, ikitazama shimo la mgodi, nayo hupokea wageni wa kulala. Watu huizungumzia kama kwamba aliishi humo miaka mingi, kumbe ilimalizika baada ya yeye kuondoka.

Na ile hadithi ya padri wa Kanowna na bonge la dhahabu?

Nayo ilitokea, mwaka 1898, na kwa kweli inaonyesha hali ya akili za watu wakati ule kuliko takwimu yoyote. Kanowna, mji ulio kilomita 20 hivi kutoka Kalgoorlie, ulivumiwa kuwa na bonge la dhahabu lililofichwa, na ikasemwa kwamba padri wa Kikatoliki, Father Long, ameliona kwa macho yake lakini amefungwa na siri. Baada ya kusumbuliwa wiki nyingi, padri alitoka kwenye roshani ya hoteli, mbele ya maelfu ya watu, akataja sehemu ya barabara ambako lilipatikana. Umati ukatimka kwa farasi, kwa baiskeli, kwa magari ya kukokotwa na kwa miguu. Hakuna aliyepata chochote. Inaelekea padri alikuwa amedanganywa, na alifariki mwaka uliofuata, akiwa bado kijana.

Miji hii ilikufa kwa sababu gani?

Jibu la haraka ni kwamba dhahabu iliisha, lakini si sahihi, maana migodi mikubwa inafanya kazi leo jirani na mahame haya. Kilichoisha ni dhahabu iliyoweza kuchimbwa kwa gharama za wakati ule. Mawe ya karibu na uso wa ardhi yalikuwa laini na rahisi kuchenjua, ilhali ya chini zaidi yalikuwa magumu, na dhahabu yake imefungamana na salfaidi, yaani madini yenye salfa. Gharama za kuni na za kuvuta maji migodini zilipanda, Vita vya Kwanza vya Dunia vikachukua vijana, na wenye hisa wa London wakahamishia fedha zao kwingine. Bei ya dhahabu ilipopanda katika miaka ya 1930, baadhi ya mashimo yalifufuka kwa muda.

Gwalia ilikuwa tofauti. Iliendelea hadi Desemba 1963, na mgodi ulipofungwa, mji wa watu zaidi ya 1,000 ukabakiwa na watu 40 hivi ndani ya wiki tatu. Inasemekana watu waliondoka na walichoweza kubeba tu. Hii ndiyo sababu Gwalia ina vikombe mezani, wakati Kookynie ina mitaa mitupu.

Mbona Kookynie haina magofu ya kutosha? Majengo yalikwenda wapi?

Yalikwenda na wenyewe. Msomaji aliyezoea magofu ya Kilwa au Gede, yaliyosimama karne nyingi kwa sababu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, hutegemea kuona kitu kama hicho na huvunjika moyo. Miji ya dhahabu ilijengwa kwa mbao na mabati, vitu vilivyoletwa kwa gharama kubwa, kwa hiyo mji ulipoanza kudhoofika, paa na kuta viliuzwa, vikafunguliwa msumari kwa msumari, vikapakiwa kwenye behewa na kupelekwa kusimamishwa katika mji uliokuwa ukikua. Reli iliyoleta mji ndiyo iliyouondoa. Kilichoachwa ni kile kisichobebeka, yaani misingi, mabomba ya moshi ya matofali, mashimo, vilima vya marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa), chupa zilizovunjika, na majengo machache ya matofali au mawe. Kookynie yenyewe ina hoteli yake ya mwaka 1902, Grand Hotel, ambayo bado imesimama katikati ya viwanja vitupu, mbao za majina zikionyesha kilichokuwa wapi.

Kwa maoni yangu, utupu huo ndio wenye kueleza zaidi. Barabara kuu ni pana kupita kiasi kwa sababu msafara wa ngamia waliofungwa pamoja ulihitaji nafasi ya kugeuka. Akishalijua hilo, mtu huyaona hata majengo yasiyokuwepo.

Reli zipi zimekufa na zipi bado hai?

Tawi la Laverton lilifungwa katika miaka ya 1950, na tawi la Kanowna, lililofunguliwa mwaka 1898, liling'olewa zamani, ingawa mabaki ya jukwaa la stesheni yake bado yanaonekana. Reli za kuni zilikoma katika miaka ya 1960. Njia kuu ya Kalgoorlie hadi Leonora, kinyume na wanavyodhani wengi, haijafa. Nikeli ilipopatikana kwa wingi katika nyika hii mwishoni mwa miaka ya 1960, njia hiyo ilibadilishwa miaka ya 1970 kuwa ya geji ya milimita 1,435, sawa na SGR ya Kenya na ya Tanzania, na hupitisha treni za mizigo. Abiria haichukui. Mtu anayetaka kufika kwa treni anaweza kutoka Perth hadi Kalgoorlie, na kutoka hapo lazima apate gari.

Nisafiri wakati gani, na nijihadhari na nini?

Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo mizuri, ingawa usiku huwa na baridi kali. Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40, na gari likiharibika kwenye barabara ya changarawe, huenda pasipite mtu kwa saa nyingi. Beba maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, jaza mafuta Menzies au Leonora, na mwambie mtu unakokwenda, kwani mtandao wa simu hukatika mara tu unapotoka mjini. Ukikwama, usiliache gari, maana gari huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu.

Hatari kubwa zaidi ni mashimo. Kuna maelfu ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, ya zamani yasiyo na uzio, mengine yamefunikwa na nyasi au mbao zilizooza, na kingo zake humeguka. Usirudi nyuma ukipiga picha, na watoto wasiachwe wakimbie.

Naweza kutafuta dhahabu, au kuchukua chupa moja ya kumbukumbu?

Kutafuta dhahabu kwa kifaa cha kugundua metali kunaruhusiwa kwa mwenye kibali cha serikali ya jimbo, ambacho hakina gharama kubwa, lakini sehemu nyingi tayari zina leseni za uchimbaji, na humo ni lazima kupata ruhusa ya mwenye leseni. Chupa, misumari na mabati ya kutu viachwe vilipo. Kwa kuwa vilivyobaki ni vichache mno, kila kinachookotwa huondoa sehemu ya ushahidi. Maeneo ya Wongatha yenye michoro au visima vya miamba yasiguswe kabisa.

Nina siku mbili tu. Nianzie wapi?

Anzia Gwalia, kwa sababu ndiko kwenye vitu vya kuona: vibanda vya wachimbaji vilivyo wazi kwa mgeni yeyote, makumbusho, mnara wa mbao wa kupandishia mawe, na injini ya mvuke ya reli ya kuni. Mgodi wenyewe ulifunguliwa upya miaka ya 1980, na sasa umeshuka zaidi ya mita 1,600 chini ya ardhi, kwa hiyo utasikia mitambo ikiunguruma nyuma ya nyumba zisizo na watu. Siku ya pili rudi kusini kwa kupitia Kookynie na lambo la Niagara. Ukifika Menzies mapema, endelea magharibi hadi ziwa la chumvi la Ballard, ambako mchongaji Antony Gormley alisimamisha sanamu 51 za chuma mwaka 2003, zilizotokana na vipimo vya miili ya wakazi wa Menzies. Nenda jua linapoelekea kuchwa, na uvae viatu usivyovionea huruma, kwa sababu chini ya ganda la chumvi kuna tope jekundu lisilotoka.